Springi ya Lori la Sèn

Quyền, muuza vyuma chakavu, alikuwa hata hajazima pikipiki, Nhình ameshaufungua mzigo. Alipekua springi za lori moja moja kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ulikuwa umevunjika, ukaunga vibaya.

"Taratibu, shemeji! Hivyo ni vyuma, si mahindi ya kuchoma."

"Lori limetoka wapi?"

Quyền akaacha utani. "Korongoni. Maji yamepungua, tumelivuta juzi. Ndilo lenyewe, shemeji. La Sèn."

Miezi mitatu Nhình aliingoja siku hiyo, na aliiogopa. Ni yeye aliyemfulia Sèn, mumewe, jani jipya la springi, ubapa wa chuma unaobeba uzito wa lori, siku moja kabla ya safari yake ya mwisho. Kijiji kizima ni wafua vyuma, na hata mtoto anajua: chuma chekundu ukikichovya majini kinakuwa kigumu, lakini kinakatika kama kigae. Lazima ukirudishe kwenye makaa yanayofifia, hasira zipungue.

Je, alikirudisha? Hakukumbuka. Jioni ile Sèn aliingia amelewa, akataka ugomvi kama kawaida yake, na mkono wa mkewe ukavunjika. Mama mkwe akaufunga kwa vijiti vya mwanzi. "Kalale," alimwambia. "Moto niachie mimi." Alfajiri Sèn alilifunga jani lake kwenye lori, akapanda mlima. Hakurudi.

Tangu hapo Nhình alikuwa na swali moja tu, na lilimla kama mchwa: ni mimi niliyemuua?

Akaliona jani lile. Muhuri wake, ua dogo la mpichi, ulikuwa pale pale. Jani lilikuwa vipande viwili.

Mama Ích, mama yake Sèn, aliacha kuvukuta moto akaja. Sèn alikuwa mwanawe wa pekee. Kila asubuhi alimchomea ubani, lakini hakuna aliyemwona akilia. Majirani walisema uchungu umemkausha machozi. Alikipokea kipande kimoja, akapitisha kidole gumba palipokatika. Chembe za chuma zilikuwa kubwa, zinang'aa kama chumvi ya mawe. Mfua chuma haulizi mara mbili akiona chembe kama zile.

"Hakikurudishwa," Nhình alisema. Akaketi chini kwenye majivu. "Mama, nimekuulia mwanao."

"Jamani, ajali haina kinga," Quyền alinong'ona. Akawasha pikipiki, akaondoka bila kuaga.

"Nipeleke polisi, mama. Nifukuze. Fanya lolote, sitakulaumu."

Mama Ích alivitia vipande vyote viwili kwenye makaa, akavukuta mpaka vikaiva, na ua la mpichi likapotea katika wekundu. Kisha akachuchumaa, akaushika mkono wa kulia wa Nhình, akaupapasa polepole pale ulipopinda.

"Ulikirudisha, mwanangu. Nilikikuta kwenye makaa, kimepoa hasira, kizuri kabisa." Akamwinua, akamwekea nyundo katika mkono wa kushoto. "Mimi ndiye niliyekipasha upya, nikakichovya tena, wala sikukirudisha. Haya, gonga kabla hakijapoa."