Povu Kwenye Tangi la Mbwa

Povu lilirudi, na mgonjwa wa kwanza alikuwa hata hajashushwa kwenye gari.

Mzee Klorini alisimama ndani ya tangi, suruali ameikunja hadi mapajani, brashi mkononi, akiliangalia povu likizunguka na kugandamana kwenye kona za kioo. Alikuwa amesugua tangu alfajiri. Alisugua kuta, akasugua mkanda ule ambao mbwa hutembea juu yake ndani ya maji, akatoa manyoya kwenye chujio konzi kwa konzi. Alipowasha pampu tu, maji yakawa meupe kama yaliyooshewa mchele.

"Ni kutwanga maji hii kazi," alifoka peke yake. "Kutwanga maji kabisa."

Hakuna aliyeweza kumlaumu kwa uzembe. Yeye ndiye aliyeweka sheria pale kliniki ya mbwa: kila mbwa aoge kwanza kwa maji ya bomba, asipakwe kitu chochote siku ya mazoezi, na mwenye mbwa asithubutu kutumbukiza hata kidole. Mama wa mazoezi, anayeingia tangini kuwashika mbwa viuno, alilazimishwa kuvaa mabuti ya mpira yanayofika kifuani. Mzee mwenyewe hakuyataka. Alisema ukivaa mpira huwezi kuusikia utelezi wa mkanda, na kazi ya maji ni kazi ya nyayo.

Kazi hiyo ilikuwa imemla magoti. Asubuhi hakuinuka kitandani mpaka mkewe amemchua, ndipo akatoka akichechemea kwenda kuyapigania maji yake.

Daktari aliingia, akainama kwenye kioo. Alikuwa mwanamke mpole, lakini siku hiyo upole aliuacha nyumbani.

"Mzee, hali hii mpaka lini? Juzi mbwa wawili wametoka na upele. Usiponipa sababu leo, tangi nalifunga."

"Dawa ya maji nimeongeza, daktari."

"Dawa umeongeza mpaka wanapiga chafya. Nataka sababu."

Mama wa mazoezi alikuwa akivaa mabuti yake. Alinusa, akakunja pua. "Mimi naona yananukia karafuu."

Mzee aliinama akavuta pumzi mpaka kifua kikajaa. Hakusikia karafuu wala mdalasini. Alisikia klorini na mbwa, basi. Lakini neno lilimwingia, maana kama kuna harufu, kuna mtu anayempaka mbwa wake mafuta.

Mlango ukafunguliwa, akaingia mwalimu mstaafu, amembeba Kamanda kwenye shuka. Kamanda alikuwa mbwa mzee mwenye mvi puani, aliyegongwa na pikipiki na kupooza miguu ya nyuma. Nchi kavu alijiburuta. Ndani ya maji, wiki ile tu, mguu mmoja ulikuwa umeanza kukanyaga, na mwalimu alilia mbele za watu bila kuona haya.

"Mwalimu," Mzee alisema, "huyu unampaka mafuta."

"Simpaki kitu. Nilikuapia wiki iliyopita."

"Kila mtu anaapa hapa! Na maji yanajichafua yenyewe?" Hasira za asubuhi zote zile zilimpanda kichwani kwa pamoja. "Daktari, sababu ulitaka? Sababu ndiyo hiyo imelala kwenye shuka."

Mwalimu alimgeukia daktari. "Akikosa maji mwezi huu, miguu inakufa. Wewe mwenyewe ulisema."

Daktari alitazama povu, akatazama chini. "Mpeleke nyumbani kwanza, mwalimu. Tuone."

Mwalimu alimkunja Kamanda vizuri kwenye shuka, akatoka bila kuaga. Mzee alirudi kusugua. Alijiambia amefanya la haki.

Siku zilizofuata povu halikupungua. Mzee alikula kiapo kwamba uchafu wa yule mbwa umejificha kwenye mabomba, akazidi kuamka mapema, akazidi kuingia tangini na kusugua, mpaka asubuhi moja magoti yakagoma. Aliinuka, akaanguka kando ya kitanda. Mkewe akamrudisha kwenye godoro na kumkataza kutoka.

Alilala pale akiwaza nani anasafisha chujio, na kama anajua kulisafisha. Siku ya tatu simu ikalia. Alikuwa mama wa mazoezi.

"Pole na magoti, Mzee. Nimekupigia nikufurahishe. Maji yametakata! Unaona mpaka kucha za mbwa."

Mzee alijiinua kwenye mto. Alicheka; hakuwa amecheka hivyo tangu mvua zianze. "Si niliwaambia! Mlinibishia, mkaniona mnoko. Mbwa ameondoka, na uchafu wake ameondoka nao!"



"Kamanda? Mzee, Kamanda yumo ndani ya tangi sasa hivi. Daktari alimwonea huruma, akamrudisha siku ile ile ulipougua. Anakuja kila asubuhi. Leo anakanyaga kwa miguu yote minne, laiti ungemwona."

Simu ilibaki sikioni hata baada ya mama yule kuaga.

Mkewe aliketi kando yake na chupa yake ya kila siku, akamimina kwenye kiganja, akaanza kumchua goti kwa nguvu. "Acha kununa, baba watoto. Kesho utarudi kwenye maji yako. Leo nakupaka mara mbili."

Alipomaliza, alifunga chupa ya mafuta ya karafuu, akatumbukiza mikono kwenye beseni la maji lililokuwa sakafuni na kuipikicha. Maji yakawa meupe, na povu jembamba likaenda kugandamana ukingoni.