Kikombe cha Siku ya Tisini

Bi Nyamizi alikataa kiti. Alitaka kusimama pale kwenye meza ya maabara, penye chupa ya majaribio, aione vizuri mikono ya mtaalamu.

"Siku tisini ndani ya maji ya moto, mama," alisema Dakta Mbwilo, akikitoa chupani kidonge cheusi cha kauri kwa koleo, glavu mikononi. "Humu tumefungia taka za mtambo wa nyuklia. Vya namna hii ndivyo tutakavyozika kilimani." Akakiweka kwenye mizani. "Umeona? Hakijayeyuka hata chembe."

Chini ya kilima hicho kulikuwa na chemchemi. Mji mzima ulikunywa hapo, na aliyeitunza ni Bi Nyamizi. Fomu ya ridhaa ilimngoja mezani, kalamu imeshafunguliwa.

"Na maji yake je?"

"Safi kama ya chemchemi yenu."

Bi Nyamizi akafungua kikapu chake, akatoa kikombe cha bati.

"Basi nitilie humu. Kwetu, mwanangu, anayekaribisha huonja kwanza, ndipo mgeni anywe. Onja wewe, nami nitakunywa, kisha nitasaini."

Dakta alicheka. Alipoona anacheka peke yake, akayamimina maji taratibu mpaka nusu ya kikombe. Akakishika kwa mikono miwili, kwa adabu zote, akakiinua hadi karibu na midomo.

Bi Nyamizi hakumtazama mdomo. Alitazama mikono. Glavu zilikuwa bado zimevaliwa, zote mbili, na kikombe kilikuwa hakijagusa midomo.