Mama Gaudensia Akagua Makao

Mama Gaudensia aliushika mkono wa mzee, akaugeuza, akakagua kucha.

"Zimekatwa," alimwambia binti yake. "Hapa wanajali."

Debora akashusha pumzi. Makao ya kwanza ya wazee, kule Bunda, yalikuwa safi, mashuka yananukia sabuni, mabibi wamekaa kibarazani wanasuka mikeka. Mama yake alichungulia tu, akasema, "Hapa hakuna watu," akarudi kwenye gari. Ya pili, Musoma mjini, aliwakuta wazee wamelazwa mchana kweupe. "Hawa wamechoka," alisema, na hata chai hakuonja.

Debora alikuwa amehamishiwa kazi Mwanza. Kumwacha mama peke yake kwenye ile nyumba ya Makoko kulimkosesha usingizi. Alimbembeleza mwaka mzima. Siku mama alipokubali, alitoa sharti moja: atachagua mwenyewe.

Na hapa Butiama alichagua kweli. Alionja uji. Alikagua choo. Alibonyeza magodoro. Kisha akarudi kwa yule mzee wa kucha, Thadeo, fundi cherehani mstaafu, mgane, akakaa naye kwenye benchi. Thadeo alimsimulia jinsi alivyowahi kumshonea bwana harusi suruali yenye miguu miwili ya kushoto. Mama Gaudensia alicheka hadi kilemba kikadondoka.

Wakati wa kuondoka alimvuta pembeni Sista Consolata, msimamizi.

"Huyu Thadeo, anakoromaga?"

"Chumba chake kiko mbali na vya akina mama," sista alimtuliza. "Hutamsikia."

"Bado hujanijibu, sista."

Njiani alikuwa anaimba. Debora akampigia simu kaka yake: mama amepapenda.

Walirudi Jumapili iliyofuata, na nyingine tena. Kila mara Mama Gaudensia alivaa gauni la Pasaka, na kila mara Debora alilazimika kumwita mara tatu ndipo ainuke kwenye benchi.

Siku ya kuhamia, mama alijifungia chumbani kupanga begi mwenyewe. Debora aliendesha gari huku machozi yakimlengalenga. Mama alikuwa anapiga makofi kufuata redio.

Sista Consolata aliwapokea getini. "Karibu nyumbani, mama. Kitanda chako tumekiweka dirishani."

Debora alifungua buti, akanyanyua begi. Lilipanda juu kama karatasi.

"Mama, mbona halina kitu?"

"Ndiyo, mwanangu. Mpelekee Thadeo apange nguo zake, tumuwahi padri kabla hajatoka."