Nafasi ya Bibi Mmoja

Kwa mara ya nne Alima aliambiwa kwamba tumbo lake halipo.

Karani Mwenze hakusema hivyo kwa ubaya. Aligeuza faili kwenye dirisha la biro, ofisi ya kampuni, ili naye ajionee. Yuma, fundi wa kuchomelea vyuma katika kampuni ya shaba. Mke: Rabia. Watoto: mabinti wawili, wameshaolewa. Chini ya hapo mistari ilikuwa mitupu.

"Unaona, citoyenne? Tumbo ya miezi munane haiko hapa."

"Lakini iko hapa," Alima akasema, akilishika kwa mikono miwili.

"Miye naiona. Dossier njo haioni."

Mwaka huo wa 1976 kampuni ilimtibu kila mfanyakazi na watu wa nyumba yake, lakini ilimtambua mke mmoja tu. Yuma alikuwa na wawili, na Alima ndiye wa pili.

Alima alikuwa amepoteza watoto wawili wakati wa kuzaa. Masista wa zahanati walimpima nyonga wakaziona nyembamba, wakamwambia wazi: huyu wa tatu atatoka kwa kisu, na kisu kiko hospitali ya kampuni. Wao walikuwa na mkasi tu.

Kesho yake Yuma akaenda biro mwenyewe.

"Namna ya kubadilisha bibi iko?"

"Iko, citoyen," Mwenze akajibu. "Bibi anatoka pa karatasi kwa njia mbili: talaka ao kufa. Ulete karatasi ya talaka. Ile ingine hatuombeane."

Yuma alirudi mtaani kwao Kamalondo akamkuta Rabia uani akitwanga sombe, majani ya muhogo. Wake hao wawili walikaa ua mmoja kwa miaka mitatu, na kwa miaka hiyo yote waliongea maneno ya lazima tu: chumvi, maji, mvua inakuja, anua nguo.

"Talaka sitaandika," Yuma akasema. "Miaka makumi mbili na mbili, halafu nikuache juu ya karatasi? Umuazime Alima kitabu chako cha hospitali. Mara moja tu."

Kitabu hicho Rabia alikitunza chini ya mto. Kila mwezi alikwenda nacho kuchukua vidonge vya presha. Mwezi aliovikosa alianguka sokoni, akabebwa kwa mkokoteni.

"Kile kitabu kiko na picha," akasema bila kuachia mchi. "Uso wangu siazimishe."

"Basi weye njo unamuua."

Rabia aliendelea kutwanga. Upande wa pili wa ukuta, Alima alisikia yote. Siku hiyo hakula sombe.

Asubuhi Rabia alimkamata tetea wake mwekundu, aliyekuwa bado anataga, akaenda naye kwa mkuu wa mtaa. Mkuu huyo alijulikana kwa kutia sahihi kwanza na kusoma baadaye. Rabia akarudi bila kuku, ameshika karatasi yenye muhuri.

Mama Kunda, jirani yao, aliuona muhuri kutoka ng'ambo ya barabara. Kabla ya adhuhuri mtaa mzima ulikwisha kujua: Rabia anapeleka mashitaka kwa kampuni. Atamfukuzisha mwenzake, na Yuma atapoteza kazi.

Habari ilipomfikia Alima, alikunja vitenge vyake akafunga mzigo. Alikuwa na dada yake aliyekaa Mokambo. Huko hakukuwa na kisu wala mkasi, lakini kulikuwa na dada.

Rabia akamkuta mlangoni.

"Weka chini. Huo muzigo ni muzito kwa tumbo."

Alima akauweka chini. "Yaya," akasema, kama anayemwita dada mkubwa, "unanichukia?"

"Ndiyo," Rabia akasema. "Ingia ndani, upumzike."

Jumatatu Rabia alioga mapema, akavaa kitenge chake cha Idi, akajitanda ushungi mpaka karibu na macho. Katika sanduku la Yuma akatoa cheti cha ndoa ya Alima, akakiweka pamoja na kitabu chake na ile karatasi ya muhuri. Yuma alikuwa ameshakwenda kazini. Alima alimtazama akitoka.

Kwenye biro alipanga foleni mpaka saa nne. Zamu yake ilipofika, alisimama wima mbele ya dirisha.

"Nakuja kutosha bibi moja pa karatasi ya Yuma. Mufute jina yake."

Mwenze akashusha pumzi. Mambo ya wake wenza yalimchosha kuliko kazi nyingine zote za biro.

"Yule wa tumbo? Mama, yeye hata haiko pa dossier. Nitamutosha wapi?"

"Hapana yeye."

Rabia akapitisha karatasi zote dirishani. Mwenze akaichukua ya muhuri, akaisoma kwa sauti kama kanuni ilivyotaka: "Citoyenne Rabia, bibi ya citoyen Yuma, alifariki juzi, akazikwa siku ileile kwa desturi ya dini yake."

Akafungua kitabu cha hospitali. Akaitazama picha. Akamtazama mwanamke aliyesimama mbele yake, kisha akairudia picha, na safari hii alikawia.

"Na weye uko nani wa marehemu?"

"Dada yake."

Mwenze akachovya kalamu, akapiga mstari juu ya jina moja na kuandika jingine chini yake, akagonga muhuri.

"Pole sana, mama."

"Ni ya Mungu," Rabia akajibu, akasogea kumpisha aliyemfuata.