Fomu ya Wakazi

Siku hizi nyumba humtii yule tu aliyeandikwa kwenye daftari la kata. Fomu ya kurekebisha daftari hilo niliitengeneza mimi, ofisini.

Siku ya arobaini ya mume wangu, Mwinjuma, fomu ilifunguka yenyewe kwenye simu: "Mmeandikwa watatu. Mnaoonekana ni wawili. Ondoeni jina moja kabla ya magharibi."

"Likifutwa, hatatusalimia tena mlangoni?" aliuliza mama mkwe, Bi Somoe. Mlango wetu huongea kwa sauti ya Mwinjuma, aliirekodi mwenyewe.

"Hatatusalimia, mama. Sauti hufutwa pamoja na jina."

"Na hukuweka mahali pa kukataa?"

"Sikuweka."

"Fundi gani wewe!" Alicheka kidogo. "Lete simu, ukaanue nguo. Nimemzaa mimi, nitamwondoa mimi."

Niliporudi na nguo, alikuwa amekaa barazani, simu mapajani, imeandika: "Imepokelewa." Nikampa pole, nikasukuma mlango, nikaingia.

"Karibu nyumbani, mke wangu," alisema Mwinjuma.

Nguo zikaniponyoka. Fomu yangu huhesabu majina tu. Haiulizi limeondolewa la nani. Na jina likishafutwa, sikuliwekea njia ya kurudi.

Nilipogeuka kumwita mama, mlango ulikuwa umeshajifunga kati yetu. Nikauvuta kwa nguvu, haukufunguka; haufunguki asiyeandikwa akiwa mbele yake.

"Huyu simjui," ilisema sauti ya mwanawe.

Nje, Bi Somoe akajibu taratibu, "Sema tena, baba."