Maji ya Moto Kweli

"Mashine zote hizi za kufulia zinachemsha maji, mama," alisema muuzaji.

"Vuguvugu si moto, mwanangu. Shuka za mume wangu zisipochemka, vijidudu vitammaliza. Damu yake haina nguvu."

Mama akabandika kiganja kwenye kioo cha mashine iliyokuwa ikifua, akauondoa mkono upesi, umeungua. Akamshukuru Mungu.

Simu ikalia. Mumewe alipiga kutoka wodini, amechangamka kama bwana harusi.

"Mke wangu, acha kuhangaika na mashine! Daktari kaniruhusu nirudi nyumbani. Dawa basi. Kasema nile chochote roho ipendacho!"

"Nikufungie hii, mama?" aliuliza muuzaji.

Mama alimtikisia kichwa kukataa. Aliiegemea mashine.

"Haya, baba watoto," akasema simuni. "Roho inapenda nini?"