Kitunguu cha Mzee Moritaka

Tangu aanze kazi ya kuchanganya wiski, Mzee Moritaka hakuwahi kula kitunguu, kisije kikamharibia pua. Asubuhi hiyo alinusa glasi kwa muda mrefu, kisha akamsogezea bintiye, Chizuru, aliyekuwa akijifunza kazi kwake.

“Hebu niambie wewe.”

“Ina moshi, baba. Na pera lililoiva.”

Mzee akaitikia kwa kichwa. Yeye hakusikia harufu yoyote.

Mchana, supu ya tambi ilipoletwa, alimwambia mkewe, “Nikatie na mimi kitunguu.”

Kisu kilisita mkononi mwa mama. Kisha akakata.

Mzee alitafuna, machozi yakamlengalenga. “Kinawasha tu,” alisema.

Mama akamsogezea sahani ya kitunguu Chizuru, mpenzi wa vitunguu tangu utotoni. Chizuru akafunika bakuli lake kwa kiganja.